Mita Arobaini za Kamba ya Mkonge

Dar es Salaam,
29 Januari 1993

Ndugu yangu Zephania,

Leo salamu ni fupi, maana kondakta wa basi la Same amesimama mbele yangu anatazama saa. Mimi mzima, joto la huku ndilo linataka kutumaliza. Nawe nadhani bado unapumua, ijapokuwa wale mabwana walikupunguza kazini bila hata kikombe cha chai cha kuagana.

Katika boksi hili la sabuni kuna vipima mwendo viwili vya boti. Usimpe mtoto achezee. Kila kimoja kina kigurudumu cha mapezi. Boti ikienda, maji yanakizungusha, na kila mzunguko sumaku inapiga swichi iliyo ndani. Ukihesabu hayo mapigo umeupata mwendo. Tajiri yangu, Bwana Chande, ameruhusiwa kuleta boti ya abiria kutoka ng'ambo, kuukuu lakini ina mbio, na saa yake ya mwendo ilikufa zamani. Mtaalamu wa kigeni anasema atakuja mwezi wa sita, akijisikia. Nikamwambia Bwana Chande ninaye rafiki niliyesoma naye ufundi, Mpare wa milimani, mwenye kompyuta ya nyumbani aliyoachiwa na mmisionari. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema: akiviunganisha na hiyo kompyuta yake, na kipimo kisikosee zaidi ya sehemu mbili katika mia, namwajiri awe fundi mkuu wa karakana, na nyumba ndani ya uzio.

Miaka miwili umekaa unatengeneza redio za watu wanaolipa kwa mahindi. Nafasi ndiyo hii. Mimi hapa ni kaimu fundi mkuu tu, sina la kukupa zaidi ya kukufungulia mlango.

Wako,
Erasmo Mrutu


Same,
10 Februari 1993

Erasmo,

Boksi limefika. Sikulala kabla sijakifungua kimoja. Wewe ulikuwa mvivu wa kuchomea nyaya kwa risasi tangu shuleni, kwa hiyo sikuelezi sana. Ile kompyuta ina tundu pembeni, wenzetu Ulaya wanachomeka humo usukani wa michezo ya watoto. Mimi nimechomeka kipima mwendo chako. Nikakipuliza kwa mdomo, na kwenye kioo cha televisheni namba zikaanza kupanda: moja, mbili, tatu, kumi na tisa. Nilipiga kelele hata mama akadhani nimenaswa na umeme.

Programu nimeiandika mwenyewe. Sikuwa na kanda tupu ya kuihifadhia, nikairekodi juu ya kanda ya kwaya ya mke wangu, ile aliyoimba yeye kabla hatujaoana. Amenuna siku mbili. Nimemwambia kwaya haina mshahara.

Sasa limebaki jambo moja, nalo ndilo kazi yenyewe: mapigo mangapi ni mita moja? Hilo halipatikani mezani. Panahitajika maji yaliyotulia na umbali unaojulikana. Huku tambarare maji yako kwenye ndoo tu, lakini kijijini kwetu juu tuna ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Siku za kazi linafunguliwa alfajiri na kila nyumba inachukua zamu yake. Jumapili halifunguliwi, na maji yanatulia hata unaweza kunyolea ndevu. Nimekwenda kumwamkia Mzee Tumainieli, mwenye kulinda ndiva. Ametaka debe la dengelua, pombe yetu ya miwa, na kiapo kwamba hakuna sabuni wala mafuta yatakayogusa maji. Amepata vyote.

Mwambie Bwana Chande aanze kupaka rangi hiyo nyumba.

Zephania Mgonja


Same,
1 Machi 1993

Erasmo,

Nimemaliza, na nakuandikia kila hatua ili asitokee mtu wa kusema nimebahatisha.

Jumamosi nilinunua kamba mpya ya mkonge. Tuliinyoosha kwenye uwanja wa shule, mwalimu mkuu akaipima kwa tepu ya serikali, tukafunga vitambaa viwili vyekundu, kutoka kimoja hadi kingine mita arobaini kamili. Mwalimu ametia sahihi, karatasi ninayo. Jumapili baada ya ibada tukapanda hadi ndiva. Kipima mwendo nimekifunga kwenye ufito, ufito kwenye chelezo cha migomba, na waya mrefu hadi kwenye kompyuta iliyo ukingoni na betri ya gari. Kamba ndiyo inayovuta chelezo, na kamba hiyo hiyo ndiyo kipimo. Kitambaa cha kwanza kikipita kwenye kigingi naanza kuhesabu, cha pili kikipita naacha. Nikavuta kwenda na kurudi, ili kama maji yana mkondo wowote ujifute wenyewe. Ni nani Dar es Salaam angekumbuka hilo?

Safari mbili za kwanza zilitoa mapigo 819 na 821. Tukapumzika, wazee wakanywa dengelua yao, kamba ikabaki majini kama saa moja. Safari nane zilizofuata zilitoa 771, 770, 772, zote hazitofautiani hata kwa mapigo matatu. Zile mbili za kwanza nimezitupa, nadhani kigurudumu kilikuwa bado kizito. Kwa hiyo ni mapigo 771 kwa mita arobaini, na namba hiyo nimeiingiza kwenye programu.

Tulicheka pia. Mke wangu alikuwa ukingo wa pili anavuta, na katikati ya kazi akaanza kunipigia kelele za kunielekeza, mbele ya wazee! Nikamjibu, "Nimekuleta uvute, sikukuleta ufikiri." Mzee Tumainieli alimwaga dengelua kwa kicheko. Ndiyo shida ya kuoa mtoto wa manamba. Baba yake aliletwa toka Kigoma kukata mkonge, na binti anadhani kukaa karibu na kompyuta ni kuijua.

Nangoja siku.

Zephania


Same,
2 Machi 1993

Shemeji Erasmo,

Bwana Yesu asifiwe. Utashangaa kupata barua yangu, na ninakuomba mume wangu, Baba Lukasi, asijue kwamba nimeiandika. Ukinijibu, tuma kwa Mwalimu Devotha, shule ya msingi, ataniletea.

Shemeji, ile kamba ilikuwa ya mkonge. Mimi nimezaliwa kwenye shamba la mkonge. Kamba ya mkonge ikilowa inajivuta, inakuwa fupi. Kambini kwetu baba akiona wingu alikuwa anakimbia kulegeza kamba za kuanikia, maana mvua ikinyesha zinang'oa nguzo. Mtoto yeyote wa kule analijua hili. Ile kamba ilipimwa ikiwa kavu. Baada ya kulala majini, zile mita arobaini hazikuwa arobaini tena. Niliona kwa macho, maana mwanzo kamba ilikuwa inanibakia miguuni nikiwa nimesimama kwenye jiwe, na baadaye ikawa haifiki kwenye jiwe. Zile namba mbili alizozitupa ndizo za kweli.

Nilimwambia pale pale ndivani, akanijibu neno ambalo sirudii. Jioni nikamwambia tena wakati wa kula. Akasukuma sahani na kuuliza kama siku hizi manamba wanafundisha hesabu. Tangu hapo sijasema.

Shemeji, mwenzako amekuwa mtu mwingine tangu apunguzwe. Hii kazi akiikosa sijui tutaishi vipi naye, mimi na mtoto. Mwambie wewe. Mwambie kwamba umeligundua mwenyewe ulipoisoma barua yake, usinitaje kabisa. Kutoka kwako atalipokea. Ni kuipima tu kamba ikiwa imelowa, ni kazi ya nusu saa.

Wako katika Kristo,
Ernesta, mama Lukasi


Dar es Salaam,
8 Machi 1993

Shemeji Ernesta,

Barua yako imenifikia leo asubuhi, na nimeisoma mara tatu. Nakuambia ukweli, nimekaa na mafundi wenye vyeti mwaka wa sita huu na hakuna aliyewahi kunifundisha jambo zuri kama hili. Zephania hajui amelala na nani chini ya paa moja.

Usiwe na wasiwasi. Nitamwambia mwenyewe, na jina lako halitatajwa. Ila nakuomba kitu kimoja: wewe nyamaza kabisa. Ukimgusia tena ataona tumepanga njama na atakaza shingo, unamjua. Niachie mimi, nitachagua wakati wa kumwambia.

Mbusu Lukasi.

Shemeji yako,
Erasmo


Dar es Salaam,
8 Machi 1993

Zephania, mwamba wa Upare,

Hesabu zako nimezipitia mstari kwa mstari. Sioni kosa. Hata ungewapa Wazungu wangekuna kichwa. Wewe usibadilishe kitu, uje nayo hivyo hivyo ilivyo.

Bwana Chande amepanga jaribio Jumamosi tarehe 20, saa nne asubuhi. Nahodha ana alama mbili bandarini ambazo umbali wake unajulikana, na saa ya kusimamisha. Boti itapita kati ya alama, nahodha atatoa mwendo wake, kompyuta itatoa wako, na tajiri atalinganisha mbele ya watu wote. Amealika hata jamaa wa benki na mwandishi wa gazeti. Njoo na vyote: kompyuta, televisheni, kanda, vipima mwendo. Usiache hata waya.

Nakungojea kwa mikono miwili.

Erasmo


Dar es Salaam,
19 Machi 1993

Mama Lukasi,

Nimefika salama, na kompyuta imefika salama, ijapokuwa ulivyoibeba kule stendi nilidhani utaivunja. Erasmo amenipokea vizuri mno. Amenipeleka kuiona nyumba. Ina vyumba vitatu, maji ndani, na sakafu isiyo na ufa. Jana jioni tumefunga kipima mwendo kwenye ufito pembeni mwa boti, mbali na mapovu, na kimezunguka bila shida.

Nimefikiria mambo ya mbele, na ni vema uyajue mapema. Nikipata kazi nitakuja huku peke yangu kwanza. Wewe utabaki na mama, hawezi kuachwa. Huku mafundi wakuu wanakaribishana majumbani na wake zao, wanazungumza, na wewe bado hujazoea watu. Baada ya mwaka mmoja au miwili tutaona.

Mwambie mama aniombee kesho saa nne.

Mumeo,
Zephania


Dar es Salaam,
23 Machi 1993

Zephania,

Nimekuja gesti mara mbili hukutaka kufungua mlango. Basi nakuachia barua mapokezi.

Nisikilize kama rafiki. Bwana Chande hana roho mbaya. Alipouliza kwa sauti kama ulipimia kwenye bwawa la bata, alikuwa anawachekesha wageni tu, ndivyo matajiri walivyo. Lakini nahodha alipata mwendo wa noti kumi na moja, yaani maili za bahari kwa saa, na kompyuta yako ikasema karibu kumi na mbili, mara tatu mfululizo, na wewe ukasimama pale ukibishana na saa ya nahodha. Kumwambia nahodha ni mlevi mbele ya mwandishi wa gazeti, hapo ndugu yangu ulijizika. Mimi ningefanya nini? Boti inangoja, wageni wanangoja. Nilikisia tu. Nikaona labda umbali wako haukuwa sawa, nikaibadilisha ile 771 ikawa 820, tukapita tena, na namba ikalingana na ya nahodha. Ni bahati ya mtu wa baharini, basi. Bwana Chande amenithibitisha jana. Mimi ndiye fundi mkuu, na ninahamia kwenye ile nyumba Jumamosi. Siwezi kumkatalia mtu anayenipa mkate.

Kompyuta ameagiza ibaki botini hadi mtaalamu atakapokuja mwezi wa sita. Mlinzi wa geti ana maagizo, kwa hiyo usijisumbue kuja, utajiaibisha bure.

Kuna jambo moja nilitaka kulinyamazia, lakini urafiki haufichi. Jana imenifikia barua hii niliyoiambatanisha, ya mkeo. Tazama tarehe: imetembea wiki tatu, posta yetu unaijua. Alijua tangu ndivani kwamba kamba imefupika. Alijua, akakuacha ukapanda basi. Akaona bora aniandikie mimi, mwanamume wa mbali, kuliko kukukalisha wewe mumewe na kukueleza. Sisemi lolote. Nasema tu, kama ingekuwa nyumbani kwangu ningejiuliza.

Erasmo Mrutu
Fundi Mkuu


Dar es Salaam,
24 Machi 1993

Ernesta,

Nimesoma ulichokiandika kwa Erasmo. Usijisumbue kukana, mwandiko ni wako.

Nilisimama kwenye ile boti mbele ya watu thelathini, nikachekwa na matajiri, na wapishi, na yule anayefunga kamba gatini. Mtu mmoja akauliza kama Upare maji yanapimwa kwa kibaba. Na wakati huo wewe ulikuwa umekaa Same, unajua. Ulikuwa unajua ulipokuwa unanipikia chakula cha safari! Unasema uliniambia. Ulipiga kelele ndivani kama mchunga mbuzi, ndiyo kuniambia? Mke anayetaka mumewe apone anapiga magoti na kusema mpaka asikilizwe. Wewe ulichotaka ni kuonekana na Erasmo kwamba una akili.

Mama yangu alinikataza. Alisema damu ya kambini haina shukrani, nikamwona mzee wa zamani. Leo namwomba radhi.

Erasmo kwa kukisia tu aliibadilisha 771 ikawa 820, namba ikalingana, na kazi amepewa yeye. Kompyuta sina, kazi sina, rafiki amebaki mmoja tu aliyekuwa na ujasiri wa kunionyesha ukweli. Nafika Jumapili kwa basi la asubuhi. Nisikukute. Rudi Kisiwani, huko huko kambi ya mkonge, kwa baba yako, na mtoto mchukue kwanza, nitamfuata akikua.

Zephania


Kisiwani,
30 Machi 1993

Baba Lukasi,

Uliposema usinikute, nimetii. Mama nilimwacha kwa Mwalimu Devotha na dawa zake za wiki, na nimemwonyesha jinsi anavyopenda uji. Lukasi ninaye.

Humu ndani nimekuwekea barua. Si yangu, ni ya Erasmo, aliyonijibu. Nimeiacha ndani ya bahasha yake ili uone muhuri wa posta, maana neno langu likiwa peke yake huwa halikufikii. Isome taratibu. Aliiandika tarehe 8 Machi, na anasema barua yangu ameipata asubuhi hiyo. Sasa tafuta ile aliyokuandikia wewe siku hiyo hiyo, uliyomsomea mama kwa sauti, ile ya kwamba haoni kosa na usibadilishe kitu. Alikuwa na siku kumi na mbili za kukuambia. Hakukisia lolote pale botini. Ile 820 niliiacha mimi kwenye barua yangu, niliposema zile namba mbili ulizozitupa, 819 na 821, ndizo za kweli.

Huyo ndiye rafiki aliyekubakia.

Nami nitasema la kwangu, kwa sababu sasa hakuna wa kusukuma sahani. Ile asubuhi ya safari nilikubebea kompyuta kwa kitenge mgongoni kuanzia nyumbani hadi stendi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nilikuwa nimeona kwamba hujapima kamba tena, nikajua shemeji hajakuambia. Nikafungua mdomo, na wewe ukaniambia mbele ya wapiga debe niishushe taratibu, huo si mzigo wa mkonge. Wakacheka. Nikafunga mdomo. Nilikutazama ukipanda, nikajua unakwenda kuaibika, na nikajiuliza kama moyo unaniuma. Haukuniuma. Kwa hiyo hapo umesema kweli, nilijua, nikakuacha. Umekosea siku tu. Ndivani nilikuwa bado nakupenda.

Sikukuletea barua ya Erasmo ili unirudishe. Nimekuletea ili usiwe na wa kukimbilia utakapotaka kulalamika juu yangu.

Nilipofika hapa na mtoto na mabegi, baba aliniuliza mume yuko wapi. Sikuweza kumwambia mzee wa watu kwamba nimefukuzwa kwa sababu nilijua alichonifundisha yeye. Nikamwambia umekufa Dar es Salaam, umezama siku ya kujaribu boti, na mwili haukuonekana. Jumapili na jana majirani wamekuja na unga na kuni. Wamekaa na mimi hadi jioni, wazee wa kambini wote waliobaki, wamekusifu, na mimi nimelia kweli kweli. Leo wameninyoa nywele. Kwa hiyo usije kumfuata mtoto.

Ernesta